Dungusi la Key Largo: wanavyosema watu na ilivyokuwa kweli

Watu wengi wanaamini dungusi halifi, eti ni mmea wa jangwani, ukilisahau mwaka mzima utalikuta. Ndo maana ukiwahadithia kwamba Key Largo, kisiwa cha kusini mwa Florida, Marekani, dungusi limetoweka kwa sababu ya bahari, wanabisha. Pale kulikuwa na dungusi mti, kitaalamu Pilosocereus millspaughii, linakwenda juu hadi futi 20 na ushee, na likitaka kuchanua linaota manyoya meupe kama pamba pale maua yanapotokea, usiku maua yananukia kitunguu saumu, popo wanayafuata. Liligunduliwa pale 1992 kwenye mwamba mmoja tu wa chini uliozungukwa na mikoko, na Marekani nzima hamna kwingine lilikoota lenyewe. Kufika 2021 vilibaki vipande sita vya mashina, navyo vimedhoofu.

Sasa jua na ukame linavumilia kweli, maana maji yake limeyaweka shinani, ila udongo ukijaa chumvi mizizi haivuti maji hata kama yapo. Hapo haliwezi.

Wengine wanakitupia lawama kimbunga Irma cha 2017 peke yake. Hapana jamani. Miaka miwili kabla, 2015, wanyama walishaanza kuyatafuna madungusi, na wataalamu wanahisi ni kwa kukosa maji baridi, yale yasiyo na chumvi, yaani mnyama ana kiu mpaka anatafuna miiba!! Irma ikaja na maji ya bahari yaliyopanda kama futi 5, kisiwa chenyewe sehemu ya juu kabisa ni futi 15 hivi, wanabaiolojia ikabidi waweke vibeseni vya kuogelea vya watoto vimejaa maji baridi ili wanyama wanywe. Halafu 2019 maji ya bamvu yakafurika tena. Bahari inapanda kidogo kidogo, udongo ulioshikilia mizizi ukazolewa, na hilo ndo lililolimaliza.

Na sio kwamba limeisha duniani, Bahamas na kaskazini mwa Cuba bado lipo. Kuna jingine linalofanana nalo, Pilosocereus robinii, lipo visiwa vya kusini mwa Florida, hata wataalamu walidhani mwanzo ni hilohilo. Nalo linapungua.

"Si wapande upya?" Vile vipande wataalamu walivichukua na vinatunzwa kwenye bustani, mimi nafurahi sana kwa hilo, ila ukivirudisha kwenye mwamba uleule maji chumvi yanavifuata palepale.