Nakala inayobuti: kwa nini kukopi mafaili hakutoshi

Chukua diski (CD au DVD) ya kusakinishia mfumo endeshi, fungua folda zake zote, kopi kila faili, kisha choma, yaani andika, mafaili hayo kwenye diski tupu. Ukiifungua diski mpya utakuta kila kitu kipo, hadi faili la mwisho. Lakini zima kompyuta, uiwashe tena huku diski hiyo ikiwa ndani, na kompyuta itaipita kana kwamba haina kitu. Hakuna faili lililopotea. Kilichopotea ni kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa faili.

Kubuti ni ile safari ya kompyuta kutoka kuzimwa hadi kuwa na mfumo unaofanya kazi. Mwanzoni mwa safari hiyo hakuna Windows wala Linux kwenye kumbukumbu ya kuiambia mashine folda ni nini. Kilichoamka ni programu ndogo tu iliyo kwenye chipu ya ubao mama: BIOS kwa mashine za zamani, UEFI kwa za sasa. Na BIOS haitafuti kwa majina. Inatafuta kwa namba za mahali.

Diski ya data hugawanywa katika sekta za baiti 2,048 kila moja. Kwa ISO 9660, kanuni ya kupanga mafaili kwenye CD, sekta 16 za kwanza hutengwa kwa matumizi ya mfumo, na inayofuata, yaani sekta namba 16 ukihesabu kutoka sifuri, hubeba maelezo ya diski yenyewe. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa kanuni ya kubuti kwa CD iitwayo El Torito. Humo iliamuliwa kwamba sekta namba 17 iwe na rekodi ya kubuti. Rekodi hiyo inataja namba ya sekta yenye katalogi, yaani orodha ya vya kubuti, na katalogi nayo inataja namba ya sekta ambapo msimbo wa kuanzia umelala. BIOS inaufuata mnyororo huo, inaupakia msimbo kwenye kumbukumbu na kuuachia kazi.

Sasa utaona kasoro ya kukopi mafaili. Sekta namba 17 haionekani kwenye dirisha la folda, kwa hiyo hukuichukua. Na hata kama msimbo wa kuanzia ungekuwemo kati ya mafaili uliyokopi, programu ya kuchomea huyapanga mafaili upya, hivyo anwani ya zamani ingeelekeza pasipo penyewe. Ni kama kuhamisha vyombo vyote vya nyumba ukauacha mlango.

Basi nakala inayobuti ni ile iliyohifadhi yaliyomo pamoja na mahali yalipokaa. Njia ya kuipata ni kutengeneza taswira ya diski: faili moja, kwa kawaida lenye kiambishi .iso, lililosomwa sekta kwa sekta kutoka sifuri hadi mwisho. Kwenye Linux amri ya dd hufanya hivyo. Programu nyingi za kuchomea nazo zina sehemu ya kunakili diski nzima. Taswira ikishapatikana, chagua kuchoma taswira. Wengi huteleza hapa: wanaliburuta faili la .iso kwenye diski tupu kama wanavyoburuta picha, na wanaishia na diski yenye faili moja kubwa lisilobuti.

Diski asili ikiwa na mikwaruzo, uwe mwangalifu zaidi. Programu inayoruka sekta mbovu kimyakimya itakupa nakala inayobuti vizuri, halafu usakinishaji unakwama katikati kwa faili lililoharibika, pengine baada ya diski kuu kufutwa. Ndiyo maana napenda nakala itengenezwe siku diski ingali mpya. Kama mtoaji wa mfumo ametangaza namba ya uhakiki ya SHA-256, ilinganishe na ya taswira yako kabla ya kuchoma.

Kwenye flashi mambo hubadilika, na mara nyingi huwachanganya watu. UEFI, tofauti na BIOS, inajua kusoma mafaili: hutafuta faili la BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI/BOOT kwenye sehemu iliyofomatiwa kwa FAT, mfumo wa kupanga mafaili ambao FAT32 ni toleo lake. Kwa hiyo kwenye flashi ya FAT32, kukopi mafaili ya kawaida kunaweza kutosha kabisa kwa mashine ya UEFI, na flashi hiyohiyo isibuti kwenye mashine ya BIOS. Kikwazo ni kwamba FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na faili la install.wim, lile linalobeba Windows yenyewe, katika matoleo mengi ya karibuni huvuka hapo. Hulazimu kuligawa vipande, au kutumia programu inayoiandaa flashi kwa njia nyingine.

Nakala haikuongezei leseni. Ufunguo wa bidhaa, yaani msimbo wa leseni unaoulizwa wakati wa kusakinisha, unabaki ni uleule, nao hauandikwi ndani ya taswira, kwa hiyo uhifadhi kando.

Diski asili iweke ndani ya kasha, gizani, ufanyie kazi nakala. Kwenye CD tabaka linaloakisi mwanga liko chini kidogo tu ya upande wa lebo, kwa hiyo mkwaruzo wa juu huweza kuua data zaidi kuliko wa chini. Kisha ijaribu nakala leo, wakati kompyuta yako bado nzima: ibuti mpaka skrini ya kwanza ya usakinishaji itokee, halafu uitoe bila kubonyeza chochote.