Kidonge cha ARV kinazuia na homa ya ini B: kwa wana Tanga wanaoishi na virusi vyote viwili

Kila Julai inapokaribia tarehe 28, Siku ya Homa ya Ini Duniani, upimaji huongezeka katika vituo vya Jiji la Tanga na wilaya jirani. Majibu yakitoka, maswali huanza. Linaloniumiza kuliko yote ni la mtu aliyeishi na VVU miaka mingi, anameza dawa vizuri, kisha anapimwa na kukutwa na homa ya ini B. Anarudi mtaani, jirani anamwambia ARV zinakula ini, naye anaziacha. Tukimwona tena kliniki, macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji.

Tuelewane hapa kwanza. Tangu mwaka 2019 watu wazima wengi walio kwenye dawa za kufubaza VVU nchini wanatumia kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mbili za kwanza zinapambana pia na kirusi cha homa ya ini B. Ya tatu haikigusi. Maana yake, mwenye virusi vyote viwili anayemeza kidonge hicho kila siku tayari yuko kwenye tiba ya ini. Hahitaji dawa nyingine ya kununua, na wala hajachelewa. Lakini kirusi cha ini hakifi, kinalala. Dawa zikisimama kinaamka na kuongezeka, kinga ya mwili inazivamia chembe za ini zilizokibeba, na ini linaweza kushindwa kazi ndani ya wiki au miezi michache. Kwa mtu huyu, kuacha ARV ni kuacha tiba mbili kwa mpigo.

Ni kweli kwamba vipimo vya ini huweza kupanda mtu akiwa kwenye dawa, na sitalificha hilo. Katika miezi ya mwanzo ya ARV kinga inarudi, inakikuta kirusi cha ini na kukishambulia, na ini huvimba kwa muda. Isoniazidi, dawa ya kuzuia kifua kikuu, nayo huweza kulisumbua ini. Ukiona mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, macho yana umanjano au unatapika na chakula hakipiti, njoo kliniki siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Tabibu ndiye atakayeamua dawa ipi isimame na ipi iendelee.

Jambo jingine wateja hawalijui, na wakati mwingine hata mtoa huduma hulipitia haraka. Mwenye matatizo ya figo huweza kuondolewa tenofoviri na kupewa abakaviri. Kwa VVU ni sawa. Kwa homa ya ini B siyo, kwa sababu abakaviri haiigusi, lamivudini inabaki peke yake, na kirusi cha ini hujifunza kuishinda. Ndiyo maana jibu lako la HBsAg, yaani kipimo cha homa ya ini B, lazima liandikwe kwenye faili na wewe mwenyewe ulijue. Dawa ikibadilishwa, uliza: “Hii mpya inashika na ini?” Una haki ya kuuliza, na hakuna mhudumu anayepaswa kukukasirikia kwa swali hilo.

Sasa niseme kuhusu majina, maana nimechoka kulirekebisha hili. Homa ya manjano siyo homa ya ini. Homa ya manjano huenezwa na mbu, na chanjo yake ndiyo ile yenye kadi wanayodaiwa wasafiri. Kadi hiyo haikukingi na homa ya ini B hata kidogo. Vivyo hivyo, kipimo cha wingi wa VVU kuonyesha kwamba virusi havionekani hakina maana kwamba ini limepona. Kinahesabu VVU peke yake. Vifaa vya kujipima nyumbani, vilivyoruhusiwa baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, navyo vinapima VVU tu. Wengine husema walichangia damu na hawakuitwa, kwa hiyo wako salama. Damu ile hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kwa ajili ya kumlinda anayeongezewa. Majibu yako yafuatilie mwenyewe.

Utaratibu wa kupima ni huu. Kwanza tone la damu kwa ajili ya HBsAg, majibu ndani ya nusu saa hivi. Yakiwa chanya, kipimo hurudiwa baada ya miezi sita, na kirusi kikiendelea kuonekana ndipo tunaita homa ya ini sugu. Katikati ya hapo hatukuachi hivi hivi: unapimwa kimeng'enya cha ALT, ambacho hupanda ini likiumia, chembe zinazogandisha damu na, inapobidi, wingi wa virusi vya ini. Mwenye dalili za makovu kwenye ini hupigwa ultrasaundi kila miezi sita, kwa sababu saratani ya ini ikionekana mapema kuna la kufanya. Mwenye VVU huwa na hatari kubwa zaidi ya kufika huko, na kwa kasi zaidi. Mwenzi na wanao nao wapimwe. Aliye hasi huchanjwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Watoto wa Tanzania wamekuwa wakipata chanjo hii tangu mwaka 2002, siku hizi katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata. Ukishakuwa na kirusi, chanjo haikutibu.

Kuhusu siri: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima VVU, isipokuwa kwa amri ya mahakama, kwa wanaotoa viungo na katika makosa ya kujamiiana. Kutoa majibu ya mtu bila ridhaa yake ni kosa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye VVU amweleze mwenzi wake, na anayeambukiza kwa makusudi anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 10. Mshauri nasaha yupo kukusaidia kusema, ukiona mdomo ni mzito.

Homa ya ini B haiambukizwi kwa sahani. Inaniuma kusikia mama ametengewa kikombe nyumbani kwake Makorora au Ngamiani. Zinazopita kwenye chakula na maji ni A na E. B hupita kwenye damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na kirusi chake huishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Kati ya watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye VVU, huambukizwa kama 3. Kwa homa ya ini B hufikia hata 300. Basi wembe wa chuku, wa chale na wa saluni uwe mpya kwa kila mtu, mbele ya macho yako.

Kwa wanaojidunga dawa za kulevya, tishio kubwa zaidi ni homa ya ini C. Haina chanjo na ARV haziitibu, lakini vidonge vyake vya takriban wiki 12 huponya zaidi ya watu 95 katika 100. Tiba ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011, imefika Tanga. Anayeitaka aje, hatukamati mtu.

Pombe iachwe, mnazi na gongo pamoja. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, kwa sababu sumukuvu ikikutana na homa ya ini B huzidisha sana hatari ya saratani. Na hizo chupa za “kusafisha ini” zinazouzwa stendi, tafadhali. Ini halisafishwi kwa chupa, na baadhi ya mchanganyiko huo ndio unaoliua.

Wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi za mbali, waseme mapema kliniki, kwani aliye imara huweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita. Hesabu kabla ya kupakia: siku 90 ni vidonge 90, ongeza vya wiki mbili kwa sababu kusi huchelewesha. Vikiisha ukiwa Pangani au Moa, ingia CTC, yaani kliniki ya VVU, iliyo karibu, ukiwa na kadi yako, na ueleze dirishani kwamba una homa ya ini B. Ukiisahau kadi, nenda hivyo hivyo. Kituo chako kitapigiwa simu.