Je, wajua? Mgumba hana mtoto, basi ugumba wa kurithi unatoka wapi?

Daktari anamwambia mwanamume kwamba hana mbegu kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni zake. Baba yake alizaa watoto saba. Sasa hitilafu hiyo kairithi kwa nani? Na kama ugumba ungekuwa wa kurithi, si ungekufa na mgumba wa kwanza?

Tutenganishe kwanza maneno mawili. Hanithi ni asiye na nguvu za tendo. Mgumba anaweza kuwa na ndevu, sauti nzito na nguvu zake zote, shahawa zikatoka kama kawaida, ila zikiwekwa chini ya hadubini haionekani mbegu hata moja. Homoni ya kiume hutengenezwa na seli nyingine kabisa za korodani. Ndiyo maana dawa za kuongeza nguvu hazimfai kitu, na sindano za homoni hiyo hukandamiza mbegu hata kwa mwanamume mzima. Na wakati yeye anahangaika na dawa, mara nyingi mkewe ndiye anayesemwa na mawifi. Hilo linaniuma.

Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, ndani ya mirija myembamba iliyojikunja kwenye korodani. Ukikata mrija mmoja ukautazama kwa hadubini, ukutani utaona seli changa za duara. Kadiri unavyosogea katikati zinabadilika umbo, mpaka unazikuta zenye mikia. Kwa baadhi ya wagumba mrija upo, na seli za kulea mbegu zimejipanga ukutani vizuri, lakini hazina cha kulea.

Mwaka 1976, Waitalia Luciano Tiepolo na Orsetta Zuffardi walichunguza kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, za wanaume 1,170. Sita wasio na mbegu walikuwa na pengo la aina moja: mkono mrefu wa kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mtoto wa kiume, ulikuwa umekatika mwishoni. Eneo hilo sasa huitwa AZF, nalo lina sehemu a, b na c. Mwaka 1995 kundi la David Page huko Marekani likatambua jeni ya DAZ, inayohusika na utengenezaji wa mbegu, ndani ya c. Aliyepoteza c peke yake huenda bado ana mbegu chache. Aliyepoteza a au b nzima, madaktari hawatarajii kupata hata moja.

Kwa nini ikatike hapo? Kromosomu nyingine zina pacha: moja ikiharibika, inajirekebisha kwa kunakili kwa mwenzake. Y haina pacha kamili, kwa hiyo imejiwekea kioo chake yenyewe, maandishi marefu yanayosomeka vilevile kutoka pande zote mbili, kama neno "ini". Usomaji wa Y uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kioo kikubwa kuliko vyote kina herufi za DNA milioni 2.9. Kinga hiyo ina gharama yake. Marudio yanayofanana mno huweza kushikana pasipostahili, na kipande kilicho katikati, kwa sehemu ya c takriban herufi milioni 3.5, kikadondoka.

Jambo hilo kwa kawaida hutokea ndani ya korodani za baba, mbegu inapotengenezwa. Baba ana Y kamili na watoto wake saba. Mbegu moja tu ndiyo iliyopoteza kipande, na ndiyo iliyomzaa huyu.

Njia nyingine hupitia kwa mama. Jeni ya TEX11, inayohitajika ili mbegu zitengenezwe, iko kwenye kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama; mama anaweza kubeba nakala mbovu na asijue, kwa kuwa anayo X ya pili.

Tangu mwaka 1992, ilipotangazwa kazi ya huko Brussels ya kudunga mbegu moja ndani ya yai, mwanamume aliyepoteza c anaweza kupata mtoto wake wa damu. Akiwa wa kike, atapokea X ya baba, na pengo halimhusu. Akiwa wa kiume, atapokea Y ileile iliyokatika. Kwa hiyo ugumba uliokuwa ukiishia kwa mtu mmoja sasa unaweza kurithiwa kweli, na naamini mume na mke wanastahili kuelezwa hivyo kabla sindano haijashikwa.