Vidole vya mtoto havichomozi kama matawi

Kliniki yetu ya viungo vya watoto imepokea tena watoto waliofungwa uzi kwenye kidole cha sita ili kidondoke. Kila mara mama ndiye anayeulizwa alifanya nini mimba ilipokuwa ya miezi 6. Swali hilo halina msingi, na tunaomba lisiulizwe tena: vidole humaliza kutengana wiki ya 8 tangu mimba kutungwa.

Havichomozi kimoja kimoja. Karibu siku ya 26 kivimbe cha mkono hutokeza ubavuni mwa kiinitete, yaani mtoto wa wiki za mwanzo tumboni, na cha mguu hufuata punde. Ncha yake hupanuka ikawa bapa kama kafi. Ndani yake seli hujikusanya kuwa mistari mitano ya gegedu, tishu laini inayotangulia mfupa, na zile zilizo kati ya mistari hufa kwa mpangilio, ndipo vidole hutengana. Bata hubaki na utando kwa sababu miguuni mwake nyingi huzuiwa zisife.

Idadi na mpangilio wa vidole hutegemea sana protini iitwayo soniki hejihogi, inayotoka upande wa kidole cha mwisho. Mwaka 1968 watafiti John Saunders na Mary Gasseling walihamishia tishu ya upande huo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kifaranga aliye ndani ya yai. Bawa likaota vidole vya ziada, kama taswira ya kiooni.

Maungio ya pingili hutushangaza hata sisi tunaoyaona kila siku. Gegedu la kidole huanza kama ufito mmoja. Panapotakiwa kiungo, seli huacha kuwa gegedu, kisha uwazi hufunguka. Kifaranga aliyepoozeshwa misuli ndani ya yai, maungio yake huungana. Kiungo huhitaji kusogezwa ili kikamilike.

Mtoto mwenye kidole cha ziada au vidole vilivyoungana aletwe na kadi yake ya kliniki. Tutakagua mikono na miguu yote, hata kama tatizo ni kidole kimoja, tutasikiliza moyo, kisha tutapiga eksirei. Fomu ya ridhaa husainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria. Bila sahihi hatufanyi upasuaji. Vidole vilivyoungana mara nyingi hutenganishwa kati ya umri wa mwaka 1 na 2, ila gumba likiungana na jirani yake tunawahi, maana kirefu hupinda kikifuata kifupi.

Uzi usifungwe nyumbani. Kidole cha sita kinaweza kuwa na mfupa, kiungo na mishipa yake ya damu. Uzi huleta maambukizi na kuacha kigutu kinachouma.