Maana ya kujitolea, na kwa nini mimi sikujitolea kufagia

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, mzee wa matangazo alisimama, akavaa miwani, akasoma: "Wafuatao wamejitolea kufanya usafi wa kanisa mwezi huu mzima." Jina langu lilikuwa la tatu. Ndiyo kwanza nalisikia. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye jina lake lilikuwa la tano, aligeuka akanitazama kama anayeuliza kumetokea msiba gani. Mzee akamalizia kwa kutushukuru kwa moyo wetu wa kujitolea. Watu wakapiga makofi, na sisi tuliojitolea bila habari tukapiga pia.

Ingekuwa mara moja ningenyamaza. Lakini neno hili linateswa kila wiki, kanisani, kwenye vikao vya mtaa, kwenye matangazo ya kazi, kwenye vikundi vya simu. Kwa hiyo leo nalisemea.

Kujitolea ni kutoa nguvu, muda au mali yako kwa ajili ya jambo fulani, kwa uamuzi wako mwenyewe, bila kulazimishwa na bila kutanguliza malipo. Basi, hiyo ndiyo maana. Shida ni kwamba watu wamekamata kile kipande cha mwisho, cha malipo, wakakifanya ndicho neno zima, na kile cha uamuzi wakakitupa ziwani. Siku hizi ukifanya kazi bila kulipwa umejitolea, hata kama uliburutwa.

Tulifungue neno lenyewe. Ndani yake kuna kutoa. Kitenzi hiki kilipoteza l yake zamani, kama maneno mengi ya Kiswahili yalivyopoteza zao, lakini haikwenda mbali: ukisema kutolea au kutolewa, hiyo hapo imerudi. Kwa hiyo tuna toa, tukapata tolea, kisha mbele yake tukaweka ji. Utamu uko kwenye ji na hiyo -ea ya mwisho zikikutana.

Mara nyingi mchanganyiko huo huonyesha kwamba faida inamrudia mtendaji. Amejipikia, amejinunulia kiatu. Lakini yapo matumizi mengine ambayo tunayatumia kila siku bila kuyatazama. "Alijiendea zake." "Kajikalia pale barazani." "Anajisemea tu." Hapo hatuzungumzii faida. Tunasema kwamba mtu yule hakutumwa. Miguu ilikuwa yake, safari ikawa yake, na ukimuuliza nani kamwambia aende atakushangaa. Mimi kujitolea nalisoma kwa sikio hilo hilo: ni kutoa kunakofanywa na mtu aliyejiendea. Ukiondoa habari ya kutotumwa, unabaki na kutoa, tena pengine kutolewa. Ndicho kilichonipata Jumapili.

Na tuwe waangalifu na silabi, maana hiyo -le- ndogo ina kazi kubwa. Mwaka fulani katibu wa kwaya alituma ujumbe kwamba mwimbaji wetu mmoja wa sauti ya nne "amejitoa kwaya". Nusu yetu tulimpongeza. Tulidhani ameongeza juhudi, kumbe kijana wa watu kaacha, kachoka na mazoezi ya saa kumi na mbili jioni. Ni kweli kujitoa nako kuna maana yake ya heshima, tunasema mtu amejitoa kwa hali na mali, au amejitoa mhanga. Lakini likikaa peke yake karibu na jina la kikundi, masikio mengi yatasikia mtu anayetafuta mlango.

Wanaoona Kiswahili kinawabana hukimbilia volontia. Sina ugomvi na volontia, hasa yule mwenye fulana na kofia ya mradi. Ila naye ukimfuata hadi kwao kwenye Kilatini utakuta voluntas, yaani utashi, kutaka. Huko nako hawakuanza na bei. Walianza na mtu anayetaka.

Sasa hapa ndipo ninapopandisha sauti kidogo. Kujitolea si kufanya bure. Bure ni neno la pesa, na kujitolea ni neno la nia. Isitoshe, bure ya Kiswahili ina sumu. Tunasema bure kwa kitu kisicho na bei, na tunasema bure kwa kitu kisicho na maana. Kafa bure. Kanitukana bure. Yule ni mtu bure. Ukimwambia mama aliyesomba maji ya kujengea kutoka bondeni siku nne mfululizo kwamba "alifanya kazi bure", sentensi yako imemshukuru kwa mkono mmoja na kumzaba kibao kwa mwingine.

Kama unadhani nachambua nywele, waulize Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1963, na lina makundi mawili ya vijana yanayojulikana kwa majina: vijana wa kujitolea na vijana wa mujibu wa sheria. Wa mujibu wa sheria ni wale waliomaliza kidato cha sita, ambao utaratibu wao ulisimama mwaka 1994 ukarudi mwaka 2013. Nenda kambi ya Bulombora, huku huku kwetu Kigoma, uwatazame. Wanakimbia pamoja, wanalima pamoja, wanapigiwa filimbi ile ile, na wote hupewa posho kidogo. Kilichowatenga katika majina si mfuko. Mmoja aliomba, mwingine aliitwa. Serikali ilielewa tofauti hii, sioni kwa nini kamati ya usafi ishindwe.

Ukikubali hilo, mabishano mengine mawili yanaisha yenyewe. La kwanza ni lile la posho. Kila mradi wa afya ukija vijijini, utasikia watu wakimsema mhudumu wa jamii: "Huyo hajitolei, anapewa nauli." Ndugu yangu, boti kutoka Kibirizi kwenda vijiji vya mwambao haipandwi kwa moyo mweupe. Mtu aliyerudishiwa nauli na kupewa sahani ya ugali wa muhogo na mgebuka hajaacha kujitolea, amezuiwa tu asipate hasara. La pili ni yule kijana mwenye shahada ya ualimu, anayefundisha mwaka wa tatu bila mshahara kwa sababu tangazo lilisema "nafasi za kujitolea" na yeye anahofia akiondoka, siku ya ajira hatakumbukwa. Huyo halipwi, sawa. Lakini mimi husita sana kulitumia neno kujitolea mbele yake. Anasubiri, na kusubiri nako ni kazi, tena ngumu.

Neno linalobeba moyo wa jambo lote hili ni hiari. Tumelipata kwa Waarabu, kwao ni habari ya kuchagua, na mzizi wake ndio ule ule uliotupa heri. Wahenga wakalifunga kwa maneno matatu: hiari yashinda utumwa. Wengine huisema methali hii kama kijembe kwa mfanyakazi mvivu. Mimi nikiisikia Ujiji huwa inanitulia vingine. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora ilifikia pale, na waliopitishwa njia ile wakiwa wamefungwa hawakupungukiwa nguvu za kazi. Walipungukiwa kuulizwa.

Shemeji yangu ndiye aliyenifanya nianze kulitazama neno hili kwa ukaribu. Yeye aliishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, kisha akahamishiwa Marekani na familia yake. Huko mtaani kwao kuna kusanyiko la Waunitari, naye huenda, kwanza kwa sababu walimsaidia kupata vitanda, baadaye kwa sababu alipenda uimbaji. Kwa wasiowajua: Waunitari walipata jina kwa kushikilia kwamba Mungu ni mmoja, wakaukataa Utatu, na wengi wao leo, hasa Marekani ambako mwaka 1961 waliungana na Waunivasalisti, hawamdai mtu akiri imani moja ili awe mshirika. Sisemi mkawe Waunitari. Mimi mwenyewe bado nasali Utatu wangu, na shemeji tunabishana kwa simu hadi salio linaisha.

Lakini wana jambo moja la kutazamwa. Huko Marekani kila kusanyiko lao linajitawala. Hakuna askofu wa kuwaletea mchungaji: washirika wenyewe humchagua kwa kura, huchagua baraza lao, hupitisha bajeti yao. Maana yake ni kwamba viti visipopangwa na washirika havipangwi. Watu wa namna hiyo hulazimika kujua vizuri kujitolea ni nini, kwa sababu ndiyo nguzo ya nyumba. Na hawakuanza jana. Mwaka 1568, huko Transylvania, nchi ambayo leo iko ndani ya Romania, mfalme wao John Sigismund na baraza lililokutana mji wa Torda walitoa amri kwamba mhubiri ahubiri Injili kadiri anavyoielewa, na waumini wakiipenda sawa, wasipoipenda asiwepo wa kuwalazimisha, kwa kuwa imani ni kipawa cha Mungu. Amri ile haikutandaza uhuru kwa kila dini, tusiipambe. Lakini katika karne ambayo watu walichomwa moto kwa mafundisho yao, kuandika kwamba waumini wasilazimishwe lilikuwa jambo zito. Ni hiari ile ile, imevaa joho.

Shemeji anasimulia kwamba kwao wana Jumapili moja ya kuwashukuru waliojitolea. Mwaka wa kwanza alikasirika. Alikuwa amepanga viti miezi tisa, akategemea hata bahasha. Badala yake mama mmoja mzee alisimama akasema: huyu bwana hufika kabla yetu sote, na tangu aanze kupanga viti, wenye magongo wana njia ya kupita. Basi. Akakaa. Shemeji anasema alishindwa kula chakula cha siku ile, si kwa hasira tena. Hakuwa anajua kuna mtu aliyewahi kuiona ile njia.

Niliposikia hivyo nikakumbuka asante. Hilo nalo la Waarabu, ahsanta, yaani umefanya vyema. Asili yake si malipo wala deni. Ni ushahidi: nimekuona, na ulichofanya ni kizuri. Ndiyo maana tangazo la "tunawashukuru wote waliojitolea kwa namna moja au nyingine" huwa linapita masikioni kama upepo wa ziwa. Namna moja ipi? Nyingine ipi? Anayeshukuru hivyo anatangaza kwamba hakuangalia. Msinielewe vibaya kuhusu chakula, chakula kiwepo, na mgebuka wa kukaanga kwa mawese hauna mpinzani. Ila msikiite takrima, ule ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, hilo neno uchaguzi ulishaliharibu, hadi mwaka 2006 Mahakama Kuu ikalazimika kutengua vifungu vya sheria vilivyoiruhusu.

Hao Waunitari wana ibada nyingine ya maua, iliyoanzishwa Prague mwaka 1923 na mchungaji Norbert Čapek, ambaye Wanazi walikuja kumuua mwaka 1942. Kila mtu huja na ua, analiweka kwenye chombo kimoja, na akiondoka anachukua ua lililoletwa na mwingine. Kwetu tungeshatengeneza daftari: nani kaleta la rangi gani, nani hajaleta, nani kaleta lililonyauka.

Sasa nirudi kwa mzee wetu wa matangazo, ambaye namheshimu, na ambaye najua orodha hakuiandika yeye. Mzee wangu, kupanga watu zamu si dhambi. Kanisa lina vumbi, vumbi halisubiri hiari ya mtu, na ikibidi zamu ziwepo. Lakini zamu ina jina lake, nalo ni zamu. Jumapili ijayo ukisimama, sema, "Wafuatao tumewapangia zamu ya usafi, tunawaomba watusaidie." Au tuulize kwanza siku ya Alhamisi baada ya mazoezi, tunyooshe mikono, ndipo uandike kwamba tumejitolea, na hapo hutakuwa umekosea hata herufi. Na mwisho wa mwezi, ukipenda kutushukuru, usitushukuru sote kwa jumla. Yule mama wa jina la tano hufagia mpaka chini ya kinanda, mahali ambapo sisi wengine huwa tunasukumia vumbi kwa mguu. Mtaje kwa hilo.

Mimi nitakuja Jumamosi saa moja, na fagio langu la chelewa ninalo.