Idhini ya mkato ni nini, na kwa nini wanavijiji huipinga

Idhini ya mkato ni ruhusa ya mradi mkubwa, kama bomba la mafuta au gesi, inayotolewa kwa kufupisha au kuruka hatua ambazo kwa kawaida sheria inazitaka: tathmini ya athari kwa mazingira, mikutano na wananchi, siku za kupokea maoni, nafasi ya kwenda mahakamani. Bomba ni lile lile na hatari zake ni zile zile. Kilichopunguzwa ni muda wa kuuliza.

Mara nyingi huombwa kwa jina la dharura. Marekani, Januari 2025, Rais Donald Trump alitangaza dharura ya nishati. Ilipofika Aprili, wizara inayosimamia ardhi za umma ikaweka utaratibu mpya: tathmini ndogo imalizwe kwa siku 14, na ile kubwa, iliyozoea kuchukua mwaka na zaidi, kwa siku kama 28. Kabla ya hapo, Juni 2023, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoamuru vibali vilivyosalia vya bomba la gesi la Mountain Valley vitolewe, na mahakama zikazuiwa kuvipitia upya. Bomba hilo, la kilomita 490 hivi, linakata milima na mashamba ya West Virginia na Virginia, na wenye mashamba walikuwa wamelipinga kwa miaka.

Sisi wa Pemba siku 14 tunazijua vizuri. Ni bamvua moja hadi nyengine. Bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hutoka sana, na kina cha chini kabisa huwa mnamo saa nne asubuhi. Saa hiyo mama mwenye shamba la mwani yumo ndani ya maji hadi magoti, anafunga mbegu kwenye kamba, na mwenzake yuko mwambani na kijiti chake anatafuta pweza. Mkutano wa shehia ukiitwa saa nne ya bamvua, daftari la mahudhurio litajaa majina ya wanaume, na ripoti itasema "wananchi walishirikishwa". Hapo hakuna aliyesema uongo, ila wenye bahari hawakuwepo.

Bahari nayo haijioneshi kwa mwezi mmoja. Katika mkondo wa Pemba maji huenda kaskazini, kwa kasi zaidi wakati wa kusi, na kaskazi ikivuma hupungua nguvu. Mtaalamu aliyepima ndani ya siku 28 atakuwa ameona msimu mmoja, na mafuta yakimwagika hayachagui msimu.

Hili linatugusa kwa sababu ya Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi hiyo ya Tanga, na mafuta yake ni mazito kama nta, lazima yapashwe moto kufika nyuzi 50 hivi ndipo yatembee. Hapa kwetu bomba halipiti, lakini meli zitapakia ng'ambo tu, nasi upande wa magharibi wa kisiwa tuna eneo la hifadhi ya bahari la PECCA, lililotangazwa 2005, kisiwa cha Misali kikiwa ndani yake. Na Zanzibar yenyewe ilitia saini mwaka 2018 mkataba na kampuni ya RAK Gas wa kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Pemba na Unguja. Yakipatikana yatahitaji njia ya kupita, na njia hiyo itakuwa na mashamba ya watu.

Mashamba yetu sasa ndiyo penye kazi. Ukitazama konde moja la Pemba utadhani lina mwenyewe mmoja. Kumbe ardhi ni ya huyu, kwa eka tatu alizogaiwa babu yake baada ya Mapinduzi. Mikarafuu mitatu ya pale ukingoni ni ya shangazi, karithi. Mnazi ule umewekwa rehani. Na muhogo wa chini umepandwa na jirani aliyeombwa tu alime. Mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Sehemu kubwa ya haya haijaandikwa popote, watu wanayajua kwa kusemeshana. Mthamini mwenye wiki mbili atauliza "hati iko wapi?" na kumlipa mwenye hati. Shangazi ataujua ukweli siku katapila linapoingia.

Muda ukikosekana mwanzoni, baadaye hugeuka silaha. Mashirika yaliyoipeleka EACOP kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki yalifungua kesi Novemba 2020. Novemba 2023 ikatupwa kwa sababu walichelewa, kwani mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu. Mtu wa kijijini atajuaje ndani ya miezi miwili kwamba mkataba uliosainiwa mbali unamhusu? Lamu mambo yalikwenda vyengine. Juni 2019 baraza la mashauri ya mazingira la Kenya lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wanaotetea mkato wana hoja. Kuna vibali hukaa miaka bila sababu, na mwekezaji anahesabu hasara kila siku. Kweli. Lakini jalada likilala mezani miezi sita, mwenye kosa ni meza. Haraka ipelekwe huko, isikatwe kwenye siku za wanavijiji. Ndiyo maana baadhi ya wanaopinga idhini ya mkato hata hawajaamua kama bomba lenyewe wanalitaka au hawalitaki. Wanachodai ni kuulizwa kwanza.

Zanzibar tathmini hizi zinasimamiwa na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, chini ya sheria ya mazingira ya 2015. Likibandikwa tangazo la mradi mlangoni kwa sheha, soma tarehe kabla ya kusoma sifa za mradi: maoni yanaanza kupokelewa lini, yanafungwa lini, ripoti yenyewe iko wapi na imeandikwa kwa lugha gani. Kisha hesabu mwezi angani. Mkutano umeangukia bamvua, au maji mafu, yale yasiyotoka sana?