Alama za Sochi: kwa nini Kim Yuna alikosa dhahabu, na kwa nini majaji walifichwa

Tarehe 20 Februari 2014, katika ukumbi wa Iceberg mjini Sochi, Urusi, Kim Yuna wa Korea Kusini aliingia kwenye barafu akiwa wa mwisho kati ya wanawake wote wa mashindano ya Olimpiki ya kuteleza barafuni. Alikuwa bingwa wa Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Vancouver 2010, na siku moja kabla alikuwa ameongoza mchezo mfupi, wa kwanza kati ya miwili ambayo alama zake hujumlishwa, kwa alama 74.92. Usiku ule, katika mchezo mrefu, aliteleza kwa muziki wa tango kwa muda wa dakika nne. Hakuanguka, hakuyumba, na kila aliporuka alitua kwa utulivu ambao umewafanya wengi wamwite mtelezaji bora wa kizazi chake. Alama zilipotangazwa akawa wa pili. Dhahabu ilikwenda kwa Adelina Sotnikova, Mrusi wa miaka 17, ambaye mruko wake mmoja haukutua vizuri. Sotnikova alipata 224.59 kwa jumla, Kim 219.11, na Carolina Kostner wa Italia akachukua shaba kwa 216.73.

Zaidi ya watu milioni 2 walitia sahihi mtandaoni kutaka matokeo yachunguzwe. Korea ikalalamika rasmi kwa Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza Barafuni, ISU. Miaka imepita, lakini kila Olimpiki ya baridi ikikaribia hoja inafufuka, na karibu kila mara inaulizwa kwa neno moja: aliibiwa?

Swali hilo limebeba maswali mawili, na ubishi hauishi kwa sababu watu huyajibu kwa pamoja. La kwanza ni kama matokeo yalifuata kanuni za wakati ule. La pili ni kama waliokaa mezani kutoa alama walistahili kuaminiwa na kila mshindani. Kwa la kwanza, jibu langu ni ndiyo, kwa sehemu kubwa. Kwa la pili ni hapana, tena bila kusita.

Tuanze na mahali kanuni hizo zilipotoka. Kwa miongo mingi mchezo huu ulihukumiwa kwa alama zisizozidi 6.0. Jaji alitazama, akaandika namba yake, na kilichokuwa na uzito ni nani amemweka juu ya nani. Mfumo huo ulivunjika katika Olimpiki ya Salt Lake City ya 2002, kwenye mashindano ya wawili wawili. Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze waliwashinda Wakanada Jamie Salé na David Pelletier, kisha jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, akasema alishinikizwa na shirikisho la nchi yake awapigie kura Warusi. Baadaye aliyakana maneno yake, ila moto ulikuwa umeshawaka. Wakanada wakapewa dhahabu ya pili, jaji na rais wa shirikisho lake wakafungiwa miaka mitatu, na ISU ikaandika mfumo mpya ulioanza kutumika mwaka 2004.

Katika mfumo huo kazi imegawanywa kati ya makundi mawili. Jopo la kiufundi linatambua kilichofanyika: ni mruko gani, mizunguko hewani ni miwili au mitatu, imekamilika au imepungua, mguu uliorukia ulikuwa kwenye ukingo sahihi wa chuma cha kiatu au la. Kila kitendo kina thamani yake ya msingi iliyoandikwa kwenye jedwali kabla ya mashindano. Kisha majaji tisa wanasema kitendo hicho kimefanyika kwa ubora gani, na mwaka 2014 kipimo chao kilianzia -3 hadi +3. Majaji haohao ndio wanaotoa alama za utelezaji na sanaa, ambazo wakati ule zilikuwa za vipengele vitano, kila kimoja kikiwa na upeo wa 10. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na saba zilizobaki hutafutiwa wastani.

Sasa tuichukue karatasi ya mchezo mrefu wa Sochi, maana hapo ndipo penye jibu la swali la kwanza. Sotnikova alipata 149.95 na Kim 144.19, tofauti ya pointi 5.76. Thamani ya msingi ya vitendo vya Sotnikova ilikuwa 61.43, ya Kim 57.49. Hapo tayari kuna pointi 3.94, na hazikutokana na jaji kumpenda fulani. Zilitokana na mpango. Sotnikova aliruka miruko saba ya mizunguko mitatu, Kim aliruka sita. Sotnikova aliunganisha Axel (aina ya mruko) ya mizunguko miwili na mruko wa mizunguko mitatu, Kim akaunganisha ya kwake na miruko midogo. Kocha yeyote angeweza kukaa na kalamu wiki moja kabla na kuona kwamba Mrusi akikamilisha mpango wake, Kim atahitaji kumpita kwa ubora na kwa sanaa ili kufidia.

Kwenye ubora Sotnikova aliongezewa 14.11 na Kim 12.20. Kwenye sanaa Kim aliongoza kwa 74.50 dhidi ya 74.41. Sehemu tisa za mia ya pointi! Wanaoujua mchezo huu hukasirika hapa kuliko kwenye miruko, na mimi niko pamoja nao. Mwezi mmoja kabla, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Budapest, Sotnikova alikuwa wa pili kwa jumla ya 202.36. Mtelezaji anaweza kuwa na siku mbaya Budapest na siku ya maisha yake Sochi, hilo halina ubishi, na miruko yake ya Sochi ilistahili sifa. Lakini vipengele vya sanaa vinapima mambo ambayo hayakui kwa wiki nne: urefu wa mtelezo kwa msukumo mmoja, utulivu wa magoti, namna mwili unavyojaza muziki bila kuukimbiza. Kwa macho yangu, katika mambo hayo Kim alikuwa mbele kwa hatua nzima, na alama hazikuonyesha hivyo. Ukumbi uliokuwa ukimshangilia binti wa nyumbani kwa sauti ya kutikisa paa nao haukukosa kuwagusa majaji, kwa kuwa nao wana masikio.

Jopo la kiufundi nalo lina maswali ya kujibu. Mfululizo wa hatua wa Sotnikova uliwekwa daraja la nne, lenye thamani ya 3.9, na wa Kim daraja la tatu, lenye 3.3. Wachambuzi pia wamesimamisha picha ya Sotnikova akiruka Lutz, mruko unaotakiwa kuanzia ukingo wa nje wa chuma, wakadai kwamba mguu wake haukuwa huko na jopo halikumwadhibu. Ukiyajumlisha haya kwa upande wa Kim, pengo linapungua, na ukiongeza pointi tatu nne za sanaa linakaribia kufutika. Linakaribia, narudia. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba kanuni zilikanyagwa. Uamuzi ulielemea upande mmoja kila palipokuwa na nafasi ya kuelemea, na nafasi hizo zilitolewa na kanuni zenyewe.

Nani basi alikuwa amekaa mezani? Kati ya majaji tisa wa mchezo mrefu alikuwemo Yuri Balkov wa Ukraine. Huyu alifungiwa mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Nagano ya 1998, pale jaji wa Kanada, Jean Senft, alipomrekodi kwa simu akizungumzia mpangilio wa washindi wa dansi ya barafuni kabla dansi yenyewe haijachezwa. Alikuwemo pia Alla Shekhovtseva wa Urusi, mke wa Valentin Piseev, mtu aliyeliongoza shirikisho la Urusi kwa miaka mingi na wakati huo akiwa mkurugenzi wake mkuu. Muda mfupi baada ya mashindano kamera zilimnasa Shekhovtseva akikumbatiana na Sotnikova. Msimamizi wa jopo la kiufundi, Alexander Lakernik, naye alikuwa Mrusi.

Hapa tena naomba tupige hesabu kabla ya kuhukumu. Jaji mmoja anaweza kusogeza matokeo kiasi gani? Tuseme kwenye kipengele kimoja cha sanaa majaji wanane wametoa 8.50, 8.75, 8.75, 9.00, 9.00, 9.00, 9.25 na 9.25. Wa tisa akitoa 8.75, wastani baada ya kutupa ncha mbili ni 8.93. Akipandisha alama yake pointi nzima hadi 9.75, wastani unakuwa 9.00. Kwa vipengele vitano, ukizidisha kwa kizio cha 1.6 kilichotumika katika mchezo mrefu wa wanawake, amevuna kama pointi 0.6 tu. Akipandisha na daraja moja la ubora katika vitendo vyote kumi na viwili, ataongeza pointi moja na ushei. Jumla haifiki 2. Kwa hiyo hadithi ya mke wa mkurugenzi aliyeuza dhahabu peke yake haiwezekani kihesabu. Wawili au watatu wakiegemea upande mmoja, jopo la kiufundi likiwa na huruma, na ukumbi ukipiga kelele, hapo inawezekana, hata bila mtu kumpigia mwenzake simu.

Je, ilikuwa hivyo? Tungeweza kupima kama tungejua jaji yupi alitoa alama ipi, na hilo lilikuwa siri. Baada ya 2002, ISU iliamua kuficha majina: orodha ya majaji ilitangazwa, alama zikatangazwa, lakini safu za alama zilichanganywa ili zisioanishwe na mtu. Hoja yao ilikuwa kwamba jaji asiyejulikana hawezi kubanwa na shirikisho la kwao, kwa kuwa halitajua kama ametii. Iliwashawishi wengi, na ilikuwa hoja mbovu. Mchumi Eric Zitzewitz wa chuo cha Dartmouth, Marekani, alilinganisha alama za kabla na za baada ya mageuzi yale, akaona kwamba upendeleo kwa mtelezaji wa nchi inayowakilishwa mezani haukupungua. Uliongezeka kidogo. Jaji alikingwa na mabosi wake, lakini alikingwa pia na waandishi, na makocha, na wewe mtazamaji.

Na siri hiyo ilimwumiza Sotnikova kama ilivyomwumiza Kim. Msichana wa miaka 17 alifanya mchezo mgumu kuliko wa Kim jioni ile, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Urusi, au Umoja wa Kisovyeti kabla yake, na kutwaa dhahabu ya Olimpiki kwa kuteleza peke yake. Kama safu zile zingekuwa na majina, na zikaonyesha kwamba majaji wa nchi za mbali nao walimweka juu, ubishi ungekuwa umepoa kabla ya mwezi kwisha. Alinyimwa ushahidi ambao ungemsafisha. Kim aliyapokea matokeo bila kulalamika, akastaafu. Sotnikova hakushiriki Olimpiki nyingine.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaweza kudhani haya ni mambo ya watu wa theluji. Kumbukeni Seoul 1988. Katika fainali ya ndondi, Mmarekani Roy Jones alimtawala Park Si-hun wa Korea raundi zote tatu, na majaji wakampa Mkorea ushindi kwa kura 3 dhidi ya 2. Safari ile Korea ndiyo iliyokuwa nyumbani. Katika michezo hiyohiyo Mkenya Robert Wangila alishinda dhahabu kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani, na hakuna aliyemhoji, kwa sababu hakuwaachia majaji kazi ya kufanya. Mtelezaji wa barafuni hana njia hiyo. Kila anachokifanya, hata kikiwa kizuri namna gani, lazima kipite mikononi mwa watu tisa wenye pasipoti.

Malalamiko ya Korea yalitupwa na ISU mwezi Juni 2014. Lakini mwaka 2016 mkutano mkuu wa shirikisho hilo ulipiga kura kufuta usiri, na tangu hapo jina la kila jaji linaonekana kwenye safu yake. Mwaka 2018 kipimo cha ubora kilipanuliwa kuwa -5 hadi +5, na kuanzia msimu wa 2022 vipengele vitano vya sanaa vikapunguzwa kuwa vitatu. Kwa hiyo utakapotazama mashindano yajayo na moyo ukakuambia kuna mtu kaonewa, ifungue karatasi ya alama, kwani hutolewa siku hiyohiyo. Anza na thamani ya msingi ya kila mmoja. Nenda kwenye madaraja ya kuzunguka papo hapo juu ya barafu na ya hatua. Mwisho shuka kwenye safu ya jaji wa nchi ya mshindi na ya jaji wa nchi ya mshindwa, uone kila mmoja amejitenga na wenzake kwa kiasi gani, na upande gani.

Kinachosalia bila kuguswa ni uteuzi. Majaji bado wanapendekezwa na mashirikisho ya nchi zao, na shirikisho lisiloridhika na jaji wake linaweza kutompendekeza tena. Msimamo wangu ni kwamba ISU ndiyo inapaswa kuwaajiri na kuwalipa, na mtu mwenye ndoa au undugu na kiongozi wa shirikisho lenye mshindani asipewe kiti katika mashindano hayo. Kanuni ya namna hiyo ingemweka Shekhovtseva jukwaani pamoja na watazamaji usiku ule, huru kumkumbatia Sotnikova kadiri alivyopenda.